Kuwabara Itsuyo, Mkata Upepo wa Bonde la Ina (1969–2025)

Kuwabara Itsuyo alizaliwa tarehe 9 Novemba 1969 katika kijiji cha Kamisawa, bonde la Ina, mkoani Nagano. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Bwana Tokuji na Bibi Fusae, wakulima wa matunda ya kaki. Ilikuwa wiki ya kumenya kaki na kuzitundika upenuni zikauke. Mama yake alimenya hadi saa nne asubuhi, akajifungua saa saba mchana. “Hata kuzaliwa alizaliwa na haraka,” husema mpaka leo. “Sisi wengine hatukuwa hata tumenawa utomvu mikononi.”

Alianza shule ya msingi hapo kijijini Aprili 1976. Mwaka 1985 aliingia sekondari ya juu, kilomita kumi na nne kutoka nyumbani, nne za mwisho zikiwa mlima mtupu. Basi lilimchefua, kwa hiyo alichukua baiskeli ya mama yake ya kwendea sokoni, yenye kikapu mbele na gia tatu, ya tatu ikiwa imekufa. Asubuhi moja ya Mei aliwapita wavulana wa klabu ya baiskeli ya shule.

“We dada! Umeficha mota kwenye kikapu?” mmoja alimpigia kelele, pumzi zikimkatika.

“Vitunguu,” alijibu bila kugeuka. “Nyinyi mmebeba nini, mbona mko hoi?”

Jioni ile kapteni wa klabu alikuja nyumbani kumwombea ajiunge. Baba alimsikiliza hadi mwisho, akasema kaki hazijimenyi zenyewe. Baada ya siku mbili helmeti mpya ilikuwa juu ya meza ya chakula. Katika nyumba ile, neno “ndiyo” halikutamkwa. Liliwekwa mahali, ukalikuta.

Alipomaliza shule mwaka 1988 aliajiriwa katika kiwanda cha lenzi, akawa anafanya mazoezi kabla na baada ya zamu. Machi 1991 alisajiliwa na timu ya wanawake ya kulipwa kaskazini mwa Italia. Kazi yake haikuwa kushinda. Alikuwa mkata upepo: alitangulia mbele ya kiongozi wa timu ili upepo umpige yeye, kisha akarudi nyuma kwenye gari la timu, akasokomeza chupa za maji ndani ya jezi hadi akaota nundu, akazipandisha kwa wenzake. Mwaka wa kwanza alimwinamia kichwa kila mtazamaji wa kando ya barabara aliyempa maji, kama alivyolelewa. Siku moja alimwinamia bibi mmoja kwa heshima iliyozidi, akaingia mtaroni na baiskeli yake.

“Itsu! Shukuru kwa mdomo!” alifoka Loredana, kiongozi wa timu. “Macho ni ya barabara!”

Jioni alirudi kwa miguu, mkono umefungwa bendeji, akamtafuta yule bibi, akainama vizuri.

Kwa miaka kumi na miwili alishinda mara moja tu, tarehe 19 Septemba 1999, katika mashindano madogo ya pwani. Picha ya siku hiyo inamwonyesha akivuka mstari huku ametazama nyuma, kana kwamba yeye amemsahau mtu huko.

Lipo jambo ambalo hakulisema hadharani, na familia imeona lisemwe. Baba alifariki tarehe 11 Mei 1996. Mchujo wa timu ya taifa ulikuwa tarehe 9 Juni, siku ya thelathini ya matanga. Kwetu mtu hashiriki shangwe kabla siku arobaini na tisa hazijatimia. Itsuyo alikuwa katika mwaka wake bora kuliko yote. Hakuna aliyemkataza, na hakuna aliyemwambia aende. Akajitoa. Timu ya taifa haikumwita tena. Mwaka 2008, baada ya ibada ya kumkumbuka baba, alikuwa akiosha vyombo na mama.

“Siku ile ningekufungia mkoba mwenyewe,” mama alisema. “Nilikuwa nasubiri uniombe.”

“Mama, na mimi nilikuwa nasubiri uniambie.”

Walicheka. Kisha mama akafunga bomba, wakasimama pale muda mrefu, maji yakiwakauka mikononi.

Mwaka 2001 alifunga ndoa na Kensaku, fundi wa baiskeli, aliyekubali kuchukua jina letu na mashamba yetu pamoja na kazi ya kumenya kaki. Walijaliwa binti, Chiharu, ambaye mpaka leo anapenda treni kuliko baiskeli. Itsuyo alistaafu mwaka 2003, na Aprili 2004 akaanzisha timu ya wasichana ya bonde letu.

Februari 2024 aligundulika na saratani ya kongosho. Alipoishiwa nguvu za kupanda baiskeli, aliwafundisha wasichana akiwa kwenye dirisha la gari la Kensaku, akiwapigia kelele milimani. Tarehe 20 Machi mwaka huu alimwambia mdogo wake, Shigeki, anayesoma wasifu huu: “Yale mashindano ya wasichana ya tarehe 13 Aprili. Watajitoa. Nawajua, nimewalea mimi.”

“Tuwaambie nini, dada?”

“Lolote. Ila msisubiri waombe.”

Alifariki Jumatano, tarehe 2 Aprili 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitano.

Kesho yake Suzuna, kapteni wa timu, mwenye miaka kumi na saba, alikuja na sare ya shule na barua ya kujitoa. Alipiga magoti mbele ya jeneza, kisha akamgeukia mama.

“Bibi, tumeamua tusishiriki. Itakuwa utovu wa heshima.”

Chumba kizima kilinyamaza, kila ndugu akimwachia mwenzake aseme. Shigeki naye alinyamaza, na analikiri hilo hapa.

“Unataka kushindana, au hutaki?” mama aliuliza.

“Bibi, watu watasema—”

“Sijakuuliza watu.”

“Nataka,” Suzuna alisema, akaanza kulia.

“Basi nenda. Mimi nina miaka themanini, sina muda wa kubahatisha mioyo ya watoto.” Kisha akageuka. “Shigeki, liandike kwenye wasifu. Na ulisome kwa sauti, waliokaa nyuma wasikie.”

Limeandikwa. Timu itashiriki, kwa matakwa ya marehemu na ya mama yake, na asitokee mtu wa kuwasema wasichana hawa.

Marehemu ameacha mama, Bibi Fusae, mume, Kensaku, binti, Chiharu, mdogo wake, Shigeki, na wasichana kumi na mmoja ambao Jumapili ya tarehe 13, saa mbili asubuhi, watakuwa kwenye mstari wa kuanzia. Yeye na apumzike kwa utulivu. Sisi tutakuwa kando ya barabara, tukishangilia kwa sauti.