Mzee Hiram Khaemba na Miche ya Ukutani

Jumanne, tarehe 31 Oktoba 2006, Mzee Hiram Khaemba atafunga geti la kitalu chetu cha Matisi, Kitale, kwa mara ya mwisho. Amekuwa hapa miaka thelathini na miezi saba. Sisi vibarua wa miche tumeombwa tuandike kidogo juu yake, tuchangamshe sherehe. Tutajaribu.

Alikuja kutoka Matulo mwaka wa 1976, kazi yake ikiwa kuchota maji. Baada ya miaka sita akawa msimamizi. Miti mingi ya matunda iliyoko kuanzia hapa hadi Kabuchai ilianzia mikononi mwake, kwenye mfuko mdogo wa nailoni. Hakuwahi kumfokea mama aliyekuja kazini na mtoto mgongoni. Lakini ukiweka kikapu chako juu ya miche, hata dakika moja, ungemsikia kutoka ng'ambo: "Mama, ondoa hiyo! Umemzimia mwenzako jiko!"

Hilo jiko ndilo lilikuwa somo lake. Wengi wetu tuliachia shule darasa la nane, naye alitufundisha wakati wa chai. Jani ni jikoni, alisema. Mizizi inaleta maji, hewa inaingia kwa vitundu vidogo chini ya jani, na jua ndilo moto. Kinachoiva ni sukari. Mmea unakula, na kinachobaki unakiweka kama wanga. Hewa safi tunayovuta sisi ndiyo moshi wa jiko hilo. Vitabuni wanaita usanisinuru. Nakhumicha, mwenzetu wa maswali mengi, alimuuliza, "Sasa Mzee, si usiku hakuna jua? Miche inakula nini?" Akajibu, "Kiporo, kama wewe." Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Mwaka jana jirani alijenga ghala la orofa upande wa mashariki. Upande wa magharibi tayari kulikuwa na ofisi. Miche elfu sita ya matunda ya pashoni iliyokuwa katikati ya kuta hizo ikawa inaona jua kwa muda wa saa moja tu, adhuhuri. Mzee aliomba ihamishwe, hakujibiwa. Aprili mwaka huu akaenda Bungoma kumzika dada yake, akakaa wiki mbili. Miche ikarefuka, ikawa myembamba na ya njano. Sisi tukaona ina njaa. Tukaimwagia mbolea ya yurea mara tatu, bila kuuliza mtu.

Aliporudi alichuma jani moja la miche hiyo ya ukutani na jingine la miche ya upande wa barabara, inayopata jua kutwa. Akayachemsha kwa maji, akazima stovu, kisha akayatia kwenye mkebe wa spiriti ndani ya hayo maji moto mpaka rangi ya kijani ikatoka. Akadondosha ayodini ya sanduku la dawa. Jani la barabarani likageuka bluu iliyokaribia nyeusi. La ukutani likabaki na hudhurungi ya ayodini tu. Hakuna wanga, hakuna kilichopikwa. Akatuangalia. "Mbolea ni chumvi, wasichana wangu. Mmempa chumvi, na ugali hana."

Miche yote ya ukutani ilikauka.

Ofisi ikauliza ni nani aliyemwaga yurea. Tulikuwa kumi na mmoja, wote tukaangalia chini. Kibarua anafutwa siku hiyo hiyo, na mtoto wangu mimi ninayeandika haya alikuwa na miezi minne. Mzee akasema, "Mimi ndiye msimamizi." Wakaandika uzembe kwenye faili yake. Alikuwa ameomba aongezwe miaka miwili, amalize kupandikiza pashoni isiyoshikwa na ugonjwa wa mizizi. Wakamkatalia kwa sababu ya hilo neno. Hiyo kazi itakufa, maana hapa hakuna mwingine anayeiweza.

Kwa hivyo tunaomba hapa pasomwe kwa sauti, meneja akiwa ameketi. Mzee Hiram hakumwaga yurea. Tulimwaga sisi, na mimi ndiye nilishika ndoo ya kwanza. Tunajua haisaidii tena. Miaka miwili hatutamrudishia, na pengine Jumatano hata sisi hatutakuwa na kazi. Lakini faili isikae na uongo.

Asante, Mzee, kwa kututunza, na utusamehe tulivyonyamaza. Ufike Matulo salama, na uishi vizuri na watu wako. Majina yetu kumi na moja yako hapa chini, kila mtu kwa mkono wake.