Vidudu vya Kwenye Tangi la Bei Moja

Pale Tukuyu, ukitoka stendi na kupanda kidogo, lipo duka la ushirika lililofungwa tangu biashara zilipofunguliwa. Ndivyo ilivyokuwa, wala si mzaha: ruksa ilipokuja kila mwenye meza akawa na duka, na lililokuwa duka likabaki na kufuli. Baraza yake ikarithiwa na benchi moja refu, birika la kahawa la Amri, na wanaume ambao mvua ya Rungwe huwapa kila siku sababu ya kutokwenda shambani. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa, na Mzee Ambindwile akaja anatembea kama mtu anayekwenda kushtaki. Wote walimwita Bei Moja, kwa kuwa kwenye duka lake la misumari na vitasa hakuna kuomba kupunguziwa. Ukiomba, anakunyang'anya msumari. Mkononi alishika chupa ya jamu yenye maji. Kwenye mfuko wa koti ilichungulia shingo ya chupa nyingine, ile ya dawa ya kunyunyizia mikahawa shambani.

– Ugonile, baba Lusungu, – Amri alimsalimu, kwa Kinyakyusa cha mtu ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na birika hilohilo.

– Sijalala. Nipe kahawa. Nikimaliza vikombe viwili nakwenda nyumbani kuua.

Spoku, fundi wa baiskeli, alisogea kumpa nafasi, kisha akasogea tena.

– Kuua nani, mzee?

– Hawa.

Akaitua ile chupa ya jamu kwenye benchi. Juu ya maji kulikuwa na vidudu vyeupe, vidogo kuliko punje ya ulezi, vinarukaruka bila kuzama, kama vimealikwa ngoma.

Habari ya tangi wote waliijua. Mwanawe Lusungu hupeleka ndizi Dar na kurudi na chochote kinachouzika, na safari iliyopita alirudi na kisichouzika: tangi la kioo, kipampu cha kupuliza mapovu, kopo la chakula, na samaki watano wekundu wasioliwa. Alilipanga sebuleni, akasema, "Baba, nakuachia hawa," akarudi barabarani. Kesho anarudi. Na Bei Moja, ambaye hajawahi kurudisha hata nyundo ya watu ikiwa na ufa, alikuwa na vidudu humo tangu Jumapili. Samaki akifa mikononi mwake, atamtazamaje mwanawe?

– Dawa ya mikahawa itaua na samaki, – Amri alisema.

– Chupa imeandikwa inaua wadudu. Samaki haijawataja.

– Haijawataja kwa sababu kwenye mkahawa hakuna samaki.

– Basi wangesema.

Emmanuel alijikohoza. Huyu alikuwa Redio. Akishawashwa asubuhi, hakuna aliyewahi kuona kitufe cha kumzimia.

– Hao si wa hapa, – alisema. – Tangi limetoka Dubai. Zamani kitu kikiingia nchini kilikaguliwa, kikapigwa mhuri, kikanyimwa. Siku hizi soko huria. Wameingia na mzigo.

– Wanafanya biashara gani humo ndani?

– Uchuuzi. Si unaona wanavyorukaruka? Yule anamfuata mwenzake, anamwonyesha shati.

Spoku aliinama juu ya chupa mpaka pua ikagusa kioo.

– Mimi naona vyama vingi. Wale wa kushoto wamejitenga.

– Wapinzani hao.

– Na wa kulia mbona wamekaa tu?

– Ndio wenye serikali.

– Nyamazeni, – Bei Moja alisema. Kikombe cha kwanza kilikuwa kimekwisha na koo linamuwaka. – Nimeleta tatizo, ninyi mnanifanyia uchaguzi.

Jotham alitua mkungu wake wa ndizi. Alikuwa mtu wa Masoko, jina la kijiweni Mjerumani, kwa kuwa hakuna habari yake iliyokwisha bila Wajerumani.

– Mawe ya chini ya tangi mliyatoa wapi?

Bei Moja alisita.

– Masoko. Lusungu aliyaokota pembeni ya ziwa.

– Basi tumemaliza.

– Tumemaliza nini?

– Wajerumani walipokimbia walitupa mali zao mle ziwani. Sasa huwezi kutupa mali bila kuacha askari.

– Askari wenyewe ndio hawa?

– Ulitaka wawe wakubwa? Wamekaa majini tangu vita ya kwanza. Mtu anasinyaa.

– Bunduki ziko wapi?

– Zilizama.

Benchi zima lilitikisika kwa kicheko. Bei Moja alikasirika mpaka masikio, lakini alijikuta naye ameinama, anatafuta kofia kwenye vile vichwa.

– Au samaki ndio wanaovifuga, – Redio aliendelea. – Siku hizi kila mtu ana mradi. Mwalimu ana kuku, mchungaji ana nguruwe. Samaki wameona watakuwa wao tu wa kukaa bure? Asubuhi wanavitoa malishoni, jioni wanavirudisha.

Alipokuwa anaonyesha kwa kidole jinsi samaki anavyochunga, mkono ukaigonga chupa. Maji yakaruka.

– Kimoja kimeingia kwenye kikombe chako, – Amri alisema.

Redio alichungulia. Kahawa nyeusi ile, hata panya asingeonekana. Kuimwaga aliona uchungu. Akafumba macho, akainywa yote, na wenzake wakamkazia macho.

– Sema kitu, – Jotham alisema.

– Niseme nini?

– Chochote. Tusikie kama ni Kijerumani.

Hapo Spoku alianguka kutoka kwenye benchi, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu wote hawakuwa na nguvu. Bei Moja hakucheka. Alimaliza kikombe cha pili, akasimama, akaitoa dawa mfukoni. Kicheko kikakatika.

– Kaa, nikuongeze, – Amri alimshika mkono wa koti.

– Nilisema viwili.

Pembeni ya baraza alikuwa amejibanza mama mmoja mwenye kikapu, Tulinagwe, anakwepa manyunyu huku akingoja gari la Suma.

– Samahani, baba, – alisema. – Hao samaki nani anawapa chakula?

– Mimi. Asubuhi kabla sijatoka na jioni nikirudi. Kifuniko kimoja, kama mwanangu alivyoagiza.

– Kingine hakibaki juu ya maji?

– Kinabaki. Kimeota ukungu mpaka kwenye kioo.

– Na vidudu viko palepale penye ukungu?

– Palepale.

– Basi vimefuata makombo. Ukishatoka nyumbani anabaki nani?

– Hakuna mtu. Yupo mkamwana wangu tu.

– Na yeye hawalishi?

Bei Moja aliishusha ile dawa. Akalikumbuka lile kopo, lilivyokuwa linakwisha haraka, na jinsi alivyowategea panya mtego.

– Si umuulize, – Amri alisema.

Wanyakyusa wote wa benchi walimgeukia kama mtu aliyetukana kanisani. Mwanamke wa kwao na baba mkwe wake hawatazamani, hawasemezani. Nyumbani kwa Bei Moja, mzee hugonga geti kabla ya kuingia, naye Veronika, mke wa Lusungu, hutoka kwa mlango wa jikoni. Mzee akitoka, ndipo yeye anaingia sebuleni kufagia. Mwaka mzima mzee alijua sauti ya ufagio wake tu, na ya wimbo wake kanisani.

– Hajui kwamba nimewalisha, – Bei Moja alisema taratibu. – Na mimi sijui kwamba amewalisha.

– Samaki wanajua, – Spoku alisema. – Wameamua kukaa kimya.

– Mama Lusungu si angemwambia? – Jotham aliuliza.

– Yuko Matwebe, anamuuguza dada yake.

– Amri, nenda wewe, – Redio alisema. – Wewe si mkwe wa mtu pale.

– Niingie kwa mke wa Lusungu, Lusungu hayupo? Hiyo dawa mtaninywesha mimi.

Bei Moja aliondoka bila kuaga, dawa ingali mkononi. Benchi likatazamana, likanyanyuka lote, Tulinagwe na kikapu chake nyuma.

Walijipanga nje ya ua, kila mmoja na tundu lake. Bei Moja aligonga geti, akangoja, akasikia mlango wa jikoni ukilia. Akaingia uani, akaipa nyumba mgongo. Mbele yake, kwenye mgomba, alifungwa mbuzi aliyewekwa kwa ajili ya kesho, mapokezi ya Lusungu.

– Mbuzi, – alisema kwa sauti. – Nakuambia wewe. Samaki wa humu ndani nawalisha mimi. Asubuhi na jioni.

Mbuzi alitafuna. Mzee akajiona mjinga. Halafu, nyuma ya ukuta wa jiko:

– Mbuzi, mwambie baba na mimi nawalisha. Asubuhi na jioni. Nilidhani baba ana mambo mengi, anasahau.

Nje ya ua, Redio aliuma kofia yake.

– Mbuzi, mwambie sijasahau hata siku moja.

– Mbuzi, mwambie baba anisamehe.

– Hana kosa. Mbuzi, mwambie asubuhi awe ananiachia, yeye achukue jioni. Na kuna vidudu.

– Mbuzi, mwambie nimeviona. Leo nimetoa makombo kwa kichujio cha chai na kupangusa kioo. Vimebaki vichache, na samaki hawana neno.

– Ndaga. Mbuzi, mwambie asante sana, ndaga fijo.

– Mbuzi, mwambie baba chupa yangu ya jamu naiomba. Nimeitafuta tangu alfajiri.

Bei Moja alitazama mikono yake. Ya jamu ilikuwa kijiweni. Ya dawa aliichomeka juu kabisa kwenye paa la banda, akatoka, na alipolifikia geti mabega yalikuwa yanamcheza. Kicheko kilimshika njiani, kikamfikisha benchini akiwa anafuta machozi kwa kofia.

– Ana maneno yule binti, – alisema. – Mwaka mzima, kumbe ana maneno.

Gari la Suma lilikuwa limekwishaondoka. Tulinagwe alikaa kwenye kona ya benchi, akaweka kikapu magotini.

– Baba, – aliuliza, – na mkishamla huyo mbuzi, mtakuwa mnaongea kupitia nani?

Jotham aliangalia upande wa Masoko, na hata Wajerumani hawakumsaidia. Bei Moja alinyoosha kikombe. Amri akalipindua birika, likatoa matone mawili na machicha.

– Jotham, – Bei Moja alisema, – kesho uniletee jogoo wa mapokezi.