Mtu Aliyetanguliza Ufagio

Marehemu, ambaye kiwandani na mtaani alijulikana kama Fundi Ufagio, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1969, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga. Mama yake alisimulia kwamba alichelewa kusema, na alipoanza, alianza na swali. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Yeye aliichukua methali hiyo kama amri.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya stesheni, kisha sekondari ya bweni, ambako alifeli hisabati, akairudia, na hakuwahi kuwaficha wanawe jambo hilo. Mwaka 1991 alihitimu chuo cha ufundi katika mitambo ya kemikali.

Alianza kazi mwaka 1994 katika kiwanda cha mbolea, na huko ndiko alikoijua haidrojeni na hila zake. Mwaka 2017 alihamia kiwanda kinachotengeneza mafuta ya magari kwa kuunganisha gesi hiyo na hewa ya ukaa, akawa msimamizi wa zamu katika kitengo cha usafishaji. Maji yakishapasuliwa kwa umeme, haidrojeni hutoka ikiwa bado na mabaki ya oksijeni na unyevu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha inasonga mbele ikiwa safi na kavu.

Moto wa haidrojeni hauonekani mchana. Hauna moshi, na joto lake utalihisi ukiwa umeshauingia. Ndiyo maana marehemu alihama na desturi ya wakongwe wa kazi hiyo: anayekwenda kukagua bomba linalovuja hutanguliza ufagio wa majani. Ukishika moto, anarudi nyuma.

“Ufagio ukiungua tutanunua mwingine,” aliwaambia vijana wake. “Wewe tutakununua duka gani?”

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na mpima sampuli wa maabara ya kiwanda kile cha mbolea. Siku akimuudhi mkewe, aliingia jikoni ameunyoosha ufagio mbele yake.

“Unafanya nini, baba watoto?”

“Nakagua. Humu kuna moto hauonekani.”

“Utauona sasa hivi!”

Na ugomvi uliishia kwenye kicheko.

Tarehe 3 Februari 2025 kiwanda kilitarajia wageni. Meneja alimwambia, “Mzee, zile fagio ziondoe. Watatuona washamba.” Marehemu alicheka, akazikusanya mwenyewe, akazifungia stoo. Adhuhuri, jua likiwaka, kiungo cha bomba kikaanza kupiga mluzi karibu na minara ya kukaushia gesi, na wageni walikuwa wameshaingia getini. Stoo ilikuwa ng’ambo ya uwanja. Hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe kwenye kiungo kile, mikono mitupu, na moto hakuuona. Hakuna ambaye angeuona.

Alilazwa wodi ya majeraha ya moto. Siku meneja alipokuja kumjulia hali, alisikika kwenye korido akimwambia mwenzake, “Uzoefu wote ule, halafu anakwenda bila ufagio! Kajitakia.”

Mke wa marehemu alikuwa nyuma yake, ameshika chupa ya chai. “Na fagio zilikuwa wapi, baba?” aliuliza.

Swali hilo bado linasubiri, na mwenye jibu yupo nasi hapa, safu ya pili, pamoja na shada lake la maua.

Marehemu mwenyewe hakujitetea. Alipopata nguvu ya kusema, alimwambia mkewe, “Waambie niliyezifungia ni mimi. Ila usiishie hapo. Waambie na aliyeniomba.” Alifariki alfajiri ya tarehe 21 Machi 2025. Wasifu huu umeyasema yote mawili, kama alivyoagiza, kwa sababu mtu aliyewarudisha wengi nyumbani wakiwa wazima hastahili kuzikwa na jina la mzembe.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, mjukuu ambaye ndiyo kwanza ameanza kuuliza maswali, kaka, dada, na vijana wa zamu yake, ambao siku hizi hawaligusi bomba bila kutanguliza ufagio, awepo mgeni asiwepo.

Mungu amlaze pasipo na moto usioonekana, na huko apumzike kwa amani ambayo hapa alinyimwa.