Fundi Yoramu na Injini Yenye Rivasi

Jumatano, tarehe saba Februari, mwaka 1990. Saa tatu asubuhi. Wasikilizaji wapendwa, ishikeni siku hiyo, maana ndiyo siku mambo yalipomharibikia Fundi Yoramu Ndahani wa kijiji cha Chiselu, upande wa Mvumi. Ndiye Fundi Yoramu aliyezikwa Ijumaa iliyopita.

Asubuhi ile mkewe, Dorkasi, alikuwa na uchungu wa kuzaa. Akapakiwa kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, ile yenye bodi nyuma, ambayo wakubwa waliileta kijijini kwa ngoma na hotuba ili ibebe wagonjwa. Njia yenyewe ilikuwa njia ya ng'ombe. Anayeijua Ugogo anaijua njia hiyo: kwato zimeichimba miaka nenda miaka rudi, kingo zinakufika kifuani, na upana wake ni ng'ombe wawili wakibanana. Walipofika korongoni wakakuta maji yamejaa. Mbele hakupitiki. Kugeuza, hakuna nafasi. Na ile pikipiki haikuwa na rivasi.

Nasema tena: haikuwa na gia ya kurudi nyuma.

Hospitali bado maili tisa. Dorkasi akateremshwa, akalazwa kwenye tope juu ya khanga, wanaume wanane wakakisukuma kile chuma kinyumenyume mpaka penye uwazi. Saa nzima na nusu. Walipokuja kumpakia tena wampitishe njia ya juu, ile inayozunguka korongo, alikuwa ameshanyamaza. Yeye na mtoto.

Kilichomla Yoramu ni kwamba aliuliza mapema. Siku ya makabidhiano alinyoosha mkono mbele ya watu: "Mzee, mbona hii haina rivasi?" Ofisa akacheka. "Fundi, sisi tunakwenda mbele, wewe unataka kurudi wapi?" Watu wakapiga makofi. Yoramu naye, na hili alilisema kwa aibu mpaka anakufa, alipiga makofi.

Alikuwa mtu wa darasa la nne. Ufundi aliupata kwenye mashine ya kusaga. Matanga yalipokwisha, akiwa amebaki na binti yake, Lea, alimwambia Joel, kaka yake Dorkasi, mwenye gereji mjini Dodoma: "Shemeji, natengeneza changu. Magurudumu manne, chembamba, na lazima kirudi nyuma."

Ilikuwa ile miaka biashara ilipoachiwa huru, vyuma vya mitumba vikamwagika mjini kama mvua ya mawe. Joel akamtolea injini ya pikipiki. Nyepesi, vipuri tele.

"Rivasi?"

"Haina. Lakini hii ni ya kuchanganya oili na petroli, shemeji. Ukitaka kurudi, unaizima, unaiwasha izunguke kinyume. Gia zote zinakuwa rivasi!"

"Mtu yuko kwenye uchungu, mimi nizime injini nianze kuibembeleza iwake? Irudishe kwenye kreti."

Akajaribu injini ya trekta la mkono. Rivasi inayo, nguvu inayo. Lakini ilikuwa nzito, na ilitetemeka mpaka kreti ya soda aliyoifunga nyuma ikafika chupa tatu zimevunjika. Joel akacheka: "Hii mjamzito atajifungua kabla ya kufika barabarani." Yoramu hakucheka. Akaifungua bolti moja moja, akairudisha.

Miaka miwili alitafuta. Joel anasema, "Wateja walikuwa wakimwona kwa mbali wanasema, mwenye rivasi yake huyo anakuja." Mwisho akaipata kwa mfanyabiashara mmoja karibu na stesheni: injini ndogo ya bajaji ya mizigo, silinda moja, na giaboksi yake ina rivasi ya kiwandani. Hakuinunua hivyo hivyo. Aliiwasha ikiwa juu ya matofali, akaingiza rivasi mara hamsini, huku ametega sikio kama daktari. Ndipo akauza ng'ombe.

Mwaka 1993 kigari kikatembea. Siku ya kwanza alikipakia magunia mawili ya uwele, akakiingiza njia ya ng'ombe, akakitoa kinyumenyume. Hakugusa ukingo.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata alimbeba Paulina, mjamzito wa hapo Chiselu. Korongoni, maji tena. Paulina anasimulia: "Nilisikia injini imebadilisha sauti, tukaanza kurudi. Nikamkaba Baba Lea kwa hofu. Akanipigia kelele: Mama, shika bomba, usinishike shingo, nataka kuona nyuma!" Hatua mia mbili akarudi hivyo, akashika njia ya juu. Saa nne asubuhi Paulina akajifungua hospitalini. Wote wazima.

Kina mama thelathini na wanne alipeleka hivyo. Wakubwa hawakumpa hata lita moja. Walimpa karatasi: chombo hiki si gari, si pikipiki, kwenye fomu hakimo, kisitembee. Yoramu akasema, "Wanaoandika fomu hawazai njiani," akaendelea kubeba. Mwaka 1996 wakakichukua, eti kwa ukaguzi. Kimekaa nyuma ya ofisi, kuku wanatagia kwenye kiti. Barua kumi na moja alimwandikisha Lea. Jibu lilikuwa lile lile: suala lako linashughulikiwa. Tangu kichukuliwe, Chiselu imezika kina mama watatu waliofia njiani.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Lea, tunampa pole Joel, na ukoo wote wa Ndahani. Mungu awatie nguvu. Na wewe unayetusikiliza ukiwa kwenye kiti cha ofisi, jiulize ni karatasi gani iliyolala mezani kwako, na ni nani anaisubiri akiwa na uchungu.

Ijumaa, pale makaburini, ofisa wa ofisi ile alikuja na shada la maua. Lea akampokea, akamwamkia, "Shikamoo, mzee." Kisha akamuuliza, watu wote wakisikia:

"Kigari cha baba tuje kukichukua lini? Zipora wa kwa jirani anajifungua mwezi ujao."