Abigaïl Mukamusoni, Binti wa Bijombo Aliyemshinda Mzee Kijiti

Ndugu na majirani, ninyi mlioshuka kutoka milimani kwa siku mbili na ninyi mliovuka barabara tu kuja hapa, leo Ijumaa tarehe 17 mwezi wa kumi 2008 tunamsindikiza mama yetu. Sikilizeni kwa kifupi jinsi alivyoishi.

Mama Abigaïl Mukamusoni alizaliwa tarehe 3 mwezi wa tatu 1940, Bijombo, katika milima ya juu ya Uvira. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Semana, mfugaji na mzee wa kanisa, na Mama Umutesi. Alizaliwa njiani, wakati wa kuhamisha ng'ombe kwenda malisho mapya. Majirani walitaka kusonga mbele kabla mvua haijawakuta, lakini Mzee Semana alisimamisha kundi lake lote kwenye mteremko, akawaambia, "Siku zote sisi huwangoja ng'ombe. Leo ng'ombe watatungoja sisi." Kundi likangoja hadi jioni.

Masomo aliyaanza mwaka 1949, katika shule ya kanisa iliyoezekwa kwa majani. Kwanza alisimama nje ya dirisha wiki tatu, akijibu maswali ambayo waliokaa ndani walishindwa kuyajibu, mpaka mwalimu akachoka akamwambia aingie. Walikuwa wasichana wawili kati ya wavulana thelathini na mmoja. Alisoma miaka minne tu, kwa sababu darasa la tano halikuwepo kule juu. Vitabu vyote vya Kiswahili alivyowahi kushika vilikuwa vya kanisa, na kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha mimbarini. Alikizungumza hivyo hivyo maisha yake yote, jikoni, sokoni na barabarani.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuuza mafuta ya ng'ombe. Tangu mwaka 1957 alishuka kila mwezi na vibuyu vichwani, yeye na binamu zake, mpaka soko la Kimanga, mtaa wa Uvira ulio kando ya ziwa. Wauzaji wengine waliita wateja kwa nyimbo na utani. Yeye alisimama wima, akatangaza, "Enyi wenyeji wa mji huu, tazameni! Mafuta haya ni safi, wala maji hayakuingia ndani yake." Watu walikuja kumsikiliza kwanza, wakaishia kununua. Hapo ndipo alipompata rafiki yake wa maisha, Mama Spès, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, ambaye alimpa mahali pa kulala kila aliposhuka.

Lakini katika mji huo huo wa Uvira kulikuwa na mtu aliyemsumbua, naye hakuwa mtu wa kweli. Aliitwa Mzee Kijiti. Vijana wa Kimanga walikuwa na kikundi cha teatre, yaani cha michezo ya kuigiza, na Kijiti ndiye aliyependwa kuliko wote: mtu wa mlimani mwenye koti refu na fimbo, asimamaye kwa mguu mmoja, asemaye kwa pua, aisalimuye baiskeli na kuiulizia habari za wazazi wake. Alichorwa kwenye ukuta wa baa. Aliimbwa kwenye ngoma. Mtu yeyote akishuka kutoka milimani, watoto walimfuata wakipiga kelele, "Kijiti! Kijiti!" Aliyemcheza alikuwa Octave Kashindi, mtoto wa mvuvi, kijana mwenye kipaji kikubwa ambaye alikuwa hajawahi kupanda mlima hata mmoja.

Tarehe 30 mwezi wa sita 1960, siku ya uhuru, Mzee Semana alishuka na binti yake kuiona sherehe. Alivaa koti lake la kanisani, akashika fimbo yake. Uwanja ulijaa. Bendera ikapandishwa, watu wakalia kwa furaha, naye Mzee Semana akalia pamoja nao. Baadaye teatre ikaanza, Mzee Kijiti akatoka jukwaani na koti lake na fimbo yake, na uwanja ukapasuka kwa kicheko. Mtu mmoja akageuka, akamwona Mzee Semana, akapaza sauti, "Aa! Kijiti wa kweli iko hapa!" Uwanja mzima ukageuka. Mzee Semana alitabasamu, akatikisa kichwa kwa heshima, akangoja mchezo uishe. Walipofika kwenye mto Kalimabenge, njia ya kupanda, aliiweka fimbo yake juu ya jiwe, akavuka, akaiacha hapo. Kabla ya siku hiyo Abigaïl hakuwahi kumwona baba yake akitembea mikono mitupu.

Mwezi uliofuata alimtafuta Octave mpaka akampata ufukoni, akimsaidia baba yake kuanika nyavu.

"Ndugu," akamwambia, "umemcheza mfugaji vibaya."

"Vibaya namna gani, mama? Batu balicheka mpaka balianguka!"

"Walicheka, lakini hukumcheza mtu. Simama mbele ya fahali kwa mguu mmoja, nawe utaona ni nani atakayecheka."

Octave akacheka naye, kwa adabu, akanunua kibuyu cha mafuta. Jumapili hiyo hiyo Mzee Kijiti alikuwa jukwaani tena, naye sasa alikuwa na dada muuza mafuta anayesema kama mhubiri. Mama Abigaïl alipoambiwa, aliuma midomo. Aliendelea kushuka kila mwezi, na kutangaza mafuta yake kwa maneno yale yale.

Miaka minne ikapita. Mwezi wa tano 1964 uasi ukaingia Uvira, na kila aliyekuwa ameshika kalamu ya serikali akawa anawindwa. Octave alikuwa amekuwa karani wa teritware, ofisi ya serikali ya wilaya. Wenzake wawili walichukuliwa, hawakurudi. Mama Spès ndiye aliyemficha siku tatu chini ya magunia ya ndagala, kisha akamwambia, "Panda kwa Abigaïl. Vaa nguo zako za Kijiti, batakuacha upite." Akapanda hivyo, na kweli vizuizi vya bondeni vilimwachia njia, vikimcheka.

Jumanne tarehe 9 mwezi wa sita, mchana, Abigaïl alikuwa akikamua alipomwona mtu akija kutoka mbali, anachechemea, anainua goti, anarusha fimbo huku na huku. Alimtambua papo hapo. Alituambia mara nyingi kwamba hajawahi kucheka namna ile, na kwamba kicheko kilikatika ghafla, kwa sababu nyuma ya mtu huyu kulikuwa na kifo, na sasa kilikuwa kimeufuata mlima.

"Ukitembea hivi huku," akamwambia, "utatuua sisi sote. Hapa hakuna mtu atembeaye hivi."

Kisha akamgeukia baba yake. "Baba, huyu ndiye aliyekucheka."

Mzee Semana alimtazama mgeni. "Namjua," akasema. "Alinicheka kwa sababu hajawahi kuniona. Basi mwacheni aone."

Siku hiyo hiyo Mzee Semana alikata fimbo mpya, ya kwanza tangu uhuru, akampa Octave, akaanza kumfundisha. Kwa miaka minane mtu huyu alikuwa amemcheza mfugaji, na sasa akagundua hajui chochote: jinsi ya kuegemeza uzito juu ya fimbo bila kuinama, jinsi ya kupita kati ya ng'ombe bila kuwashtua, jinsi ya kunyamaza. Kunyamaza ndiko kulikomshinda zaidi. Ng'ombe mmoja mwekundu, aitwaye Gaju, asiyemtii mtu ila Mzee Semana, alimkanyaga mguu mara mbili. Abigaïl alikaa pembeni, akisema, "Si hivyo. Anza tena." Siku sita walifanya hivyo, tangu umande mpaka jua kuzama.

Siku ya saba, saa nne asubuhi, waasi wakafika, watu kumi na wawili na komanda wao, kijana wa kando ya ziwa. Wakawapanga wanaume wote mbele ya zizi.

"Tunatafuta karani mumoja, Octave," akasema komanda. "Yule mwenye kuchezaga Kijiti. Tunajua alipanda huku." Akapita mbele ya kila mmoja, akasimama mbele ya Octave. "Na weye, iko nani?"

Octave hakujua hata neno moja la lugha ya mlimani, na Kiswahili chake cha Kimanga kingemuuza mara moja. Akanyamaza kama alivyofundishwa.

Abigaïl akatoka kati ya wanawake. "Huyu ni mchumba wangu."

"Aseme mwenyewe."

"Hawezi kusema. Kwetu, mwanaume aliyekuja kuposa hafungui kinywa mbele ya baba wa binti mpaka baba amjibu. Naye baba hajamjibu."

Kwetu hakukuwa na desturi ya namna hiyo. Aliitunga pale pale, mbele ya bunduki.

Komanda akamgeukia Mzee Semana. "Mzee, ni kweli?"

Macho yote yakamwendea. Mtu aliyechekwa na uwanja mzima alikuwa na uhai wa aliyemcheka mdomoni mwake. Hakuharakisha. Alimtazama Octave kuanzia miguuni mpaka kichwani, kama mtu anayepima ndama.

"Nilikuwa nangoja nione kama anafaa," akasema. "Lakini kwa kuwa umeniuliza mbele za watu, namjibu leo. Ni mkwe wangu."

"Basi aite ng'ombe," akasema komanda.

Octave akategemea fimbo. Akatoa ile sauti ya chini, ndefu, aliyofundishwa. Ng'ombe mia na zaidi walikuwa mteremkoni. Gaju akainua kichwa, akawaacha wengine, akapanda polepole mpaka akaweka pua yake kifuani pa Octave.

Komanda akacheka. "Twendeni. Huyu iko mufugaji wa kweli. Kijiti minye namujua, nilimuonaga na macho yangu Kimanga. Hata kusimama, haisimamake hivi!"

Walipopotea nyuma ya kilima, Octave aliketi majanini. Mzee Semana akaketi karibu naye, akasema, "Sasa unaweza kusema, mkwe."

Neno lililosemwa mbele ya bunduki likawa neno la kanisani. Mama Abigaïl na Baba Octave walifunga ndoa Bijombo, Jumamosi tarehe 12 mwezi wa pili 1966. Octave alikuwa amekaa mlimani mwaka mzima na zaidi, na mahari aliilipa kwa ndama aliowalea mwenyewe. Kisha wakashuka kuishi mtaa huu wa Nyamianda, katika nyumba iliyo nyuma yenu hapa.

Octave hakutaka kurudi jukwaani. Aliona haya. Mama Abigaïl akamwambia, "Wewe uliyemjenga Kijiti, ndiwe utakayembomoa. Nami nitakushikia nyundo." Wakaandika mchezo pamoja, yeye akiamuru na mumewe akiandika.

Tarehe 30 mwezi wa sita 1967, uwanja ule ule, watu wakasikia Kijiti amerudi, wakajaa mpaka juu ya miti. Octave akaingia na koti na fimbo, kwa mguu mmoja. Kicheko! Kisha mwanamke wa kwanza kupanda jukwaa la Uvira akaingia na kibuyu kichwani, akamtazama, akasema, "Si hivyo. Anza tena." Watu wakacheka zaidi. Akaanza tena, akasimamishwa tena. Mara ya tano watu walikuwa wanamcheka karani wa mjini asiyejua kusimama, na mara ya nane walikuwa wameacha kucheka, kwa maana mbele yao alikuwa amesimama mtu. Octave akatoa ile sauti ya chini, ndefu. Nyuma kabisa ya uwanja walikuwepo wafugaji kama ishirini walioshuka kwa sherehe, nao, bila kupatana, wakaitikia kwa sauti moja. Uwanja mzima ukasimama. Mama Spès alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mzee Semana aliketi mstari wa mbele, na mkuu wa sherehe alishuka kumpa mkono.

Mchezo huo waliucheza miaka ishirini na minne, Uvira, Lubarika na vijiji vyote vya bonde la Ruzizi. Mwenye baa aliipaka chokaa picha ya Kijiti ukutani yeye mwenyewe, bila kuombwa. Mama Abigaïl alifundisha wanawake kusoma, wa mlimani na wa ziwani katika chumba kimoja, na wapo hapa leo zaidi ya mia moja wanaoisoma karatasi hii mliyogawiwa kwa macho yao wenyewe kwa sababu yake. Dharau haikufa yote. Miaka mibaya ya vita ilipokuja aliisikia tena, safari hii kutoka kwa watu wazima wasiocheka. Walimshauri ahame. Akajibu, "Mimi ni mwenyeji wa mji huu," akaenda kufungua darasa. Na wanafunzi wake wa Kimanga, wake za wavuvi, walikuja asubuhi hiyo wote, hakukosa hata mmoja, wakaketi mlangoni kumlinda mpaka jioni.

Ugonjwa wa presha ulimwanza mwaka 2006. Mwezi wa nane mwaka huu ulimpiga upande wa kulia, ukamwondolea usemi. Hata hivyo mjukuu akisoma vibaya karibu na kitanda, aliinua kidole cha kushoto, na mtoto alijua lazima aanze tena. Aliaga dunia Jumanne iliyopita, tarehe 14, saa tisa alasiri, nyumbani, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe. Alikuwa na miaka sitini na minane.

Ameacha mume, Baba Octave Kashindi. Watoto watano, Georgette, Norbert, Félicité, Libérat na Marie-Rose. Wajukuu kumi na tisa na vitukuu watatu. Rafiki yake Mama Spès. Na ndugu zake wawili wa Bijombo. Asubuhi hii ndugu hao walikuja na machela ya kienyeji wambebe wao, na wavuvi wa Kimanga wakakataa, wakisema mama ni wao. Walibishana mlangoni mpaka Baba Octave akaamua wabebe pamoja, bega la mlimani na bega la ziwani chini ya mti mmoja wa machela. Ndivyo alivyofika hapa, mbele yenu.

Mama Abigaïl apumzike katika amani ile ile aliyoifanyia kazi.