Taa za Baba na Kiatu cha Pasta

Bamama ba kikundi, mulisema leo ni zamu yangu ya kusimama kusema. Basi nasimama, lakini nabaambia mapema: aliyekuja kusikia mama ametulia, arudi nyumbani. Mi niko na hasira bado.

Baba yangu alikuwa Muyahudi. Mucheke tu. Alitoka kisiwa cha mbali, Ulaya kule, akiwa kijana. Akafika Katanga kwa bajomba bake, kisha akapanda mpaka hapa Baraka kuuza bitambaa na chumvi, akamuoa mama, Mubembe wa huku huku. Kila siku ya tano, ndiyo Ijumaa, mbele ya jua kuzama, alifunga duka hata kama bantu wako mulangoni. Anawasha taa mbili za mawese, mikebe ya maziwa aliyoikata mwenyewe, na anasema maneno yake polepole, dirisha imefungwa. Nilimuuliza sababu ya dirisha. Akasema, "Mutoto yangu, kwetu bantu balituchukia juu ya taa hizi. We washa, lakini usitangaze."

Alipokufa, nikawasha. Maneno yake sikuyajua, nikawa nataja jina lake tu, hata batoto bangu sikubaambia sababu.

Sasa, mutoto wangu wa kwanza ni pasta. Jina simutaji. Kanisa yake, bandugu zangu, iko na bendera ya Israeli ukutani! Banapiga baragumu, banaimba Israeli asubuhi mpaka magaribi. Siku moja ya tano akaingia kwangu bila kubisha hodi, akakuta taa zinawaka na dirisha imefungwa. Akaita bazee ba kanisa.

"Muone! Mama yangu ni mulozi!"

Akazikanyaga na kiatu. Mikebe ya baba yangu, bamama!

"Ungeuliza kwanza," nikamuambia.

"Mambo ya giza haiulizwi, mama."

Tangu hapo ndakala zangu, dagaa ninazouza, zikanioza sokoni, hakuna mununuzi. Batoto bakatupa mawe juu ya mabati. Munajua wenyewe, muntu akiitwa mulozi hapa kwetu, petroli na kiberiti haiko mbali. Nikakimbilia kijiji cha Swima kwa rafiki yangu, mama wa Kiislamu. Ni ule pale, anajificha uso na kitenge. Hakuniuliza kitu. Siku ya tano ilipofika akaniletea mikebe mibili na mawese, akasema, "Washa, mi naenda kuswali." Nililia siku ile.

Kisha pasta wangu akakuja Swima na bazee bake, anataka nitubu mbele yao ndiyo nirudi kwangu. Nikasimama mulangoni.

"We unapiga kelele Israeli, Israeli! Babu yako alikuwa muntu wa Israeli ile ile. Uliyoikanyaga ni Sabato ya hao unaobaimbia!"

Muzee mumoja, mukubwa kuliko benzake, akainamisha kichwa. "Ni kweli. Nilinunua chumvi kwake. Siku ya posho, Jumamosi, hakufungua hata mara moja."

Munafikiri mutoto wangu alilia? Hapana! Macho yake ikang'aa. "Mama, kumbe sisi ni uzao wa Israeli kabisa! Dimanche, kwenye ibada, utapanda mbele, tutaita radio!"

Hapo ndipo nilichukia kweli. Babu alifunga dirisha kwa woga, mujukuu anataka kubomoa nyumba nzima aonekane! Na mi katikati: juzi mulozi, leo bendera.

"Utasimama we mwenyewe mbele ya kanisa," nikamuambia. "Babu usimutaje. Sema tu ulimusingizia mama yako. Kisha utakata mikebe mipya na mikono yako."

Alibisha sana, lakini alisimama. Sauti ilikuwa ndogo, lakini bantu balisikia. Nikarudi kwangu.

Aksanti kwako, mama wa Swima. Aksanti kwa muzee ule, hakuona haya kukumbuka. Na ninyi mulionunua ndakala zangu siku ya kwanza niliporudi sokoni, bengine bakibaangalia vibaya, sitabasahau. Batoto benu bakikuta mukubwa anafanya kitu basichokijua, baulize mbele ya kunyanyua mguu. Mubaambie hivyo.

Pasta anakuja siku ya tano, anakaa karibu na taa. Mukebe wa kwanza aliotengeneza ulimukata kidole. Sikumuhurumia. Na dirisha, bandugu zangu, sasa naifungua. Mwenye mawe apite.