Mama Fundi, Aliyefurahia Makosa Yetu

Leo ni tarehe 28 Novemba. Mimi nina miaka minne tangu niondoke nyumbani. Mama Fundi ana miaka kumi na tisa katika hospitali hii, na Ijumaa anastaafu. Sisi tunaosukuma machela tuliombwa tumwandikie, wenzangu wakanitupia kalamu. Shule sikuimaliza, mtanivumilia.

Kabla ya kuja hapa alitengeneza ndege, ndiyo maana tunamwita Fundi. Akapewa ofisi ndogo ya usalama, kando ya chumba cha kufulia, apokee taarifa za makosa yetu. Hapo ndipo alipotuchanganya. Mwaka mmoja taarifa zilizidi mara mbili, naye akatuletea keki! Tukaulizana: hospitali inaharibika, huyu mama anasherehekea nini? Wengine hatujaelewa vizuri mpaka leo.

Kisha mwenzetu tunayemwita Jenerali akamsukuma mgonjwa hadi chumba cha upasuaji, mtungi wa oksijeni ukiwa umefungwa. Mshale wa kipimo ulionyesha umejaa, akaamini hewa inatoka. Bahati nesi aliwahi kuufungua. Jenerali alikwenda kwa Mama Fundi kusema mwenyewe, begi mkononi, maana kwetu sisi tuliotoka nchi nyingine, kufukuzwa kazi ni kurudishwa makwetu.

“Begi la nini, baba?”

“Si unanifukuza, mama?”

“Nikikufukuza, kesho nani ataniambia? Keti, nieleze mshale ulisomaje.”

Jenerali alikaa wiki nzima akingoja barua. Badala yake ukaja utepe mwekundu. Kwenye ndege, alisema Mama Fundi, kitu cha kuondolewa kabla ya kuruka huvishwa utepe. Basi kila mtungi uliofungwa ukavishwa. Unaufungua, unasikia hewa, unajifunga utepe mkononi, ndipo unasukuma. Siku ya kwanza manesi waliuliza ni sikukuu gani, na mmoja akabania nywele kwa utepe. Lakini kosa lile halijarudi kwenye korido zetu.

Sasa anaondoka, na bosi mpya anatoka ofisi ya nidhamu. Tumechanganyikiwa upya: tuendelee kusema, au tufunge midomo? Jumanne Jenerali aligonga machela kwenye mlango wa lifti, mrija wa dripu ukachomoka. Tulimwambia, “Nyamaza, bwana, una watoto wanaosoma.” Hakutusikia. Akaenda kwa bosi mpya, Mama Fundi akiwa ameketi pembeni. Bosi akakunja uso, akamtazama Mama Fundi amwokoe. Mama akageukia dirisha.

Sisi tulikuwa mlangoni, tukasogeza masikio.

“Haya,” bosi akasema mwishowe, “keti. Ilikuwaje?”

Kama atauliza hivyo tena wiki ijayo, sijui. Hakuna anayejua.

Asante, Mama Fundi. Ulale mpaka jua likuchoke, wajukuu wakuchoshe kidogo tu, na miguu ipone. Mimi Jumamosi naenda likizo nyumbani. Nitarudi tarehe 10 Januari, zamu ya asubuhi, na nikikosea, nitasema.